Sura ya Tisa: Balbu Sita

Inspekta Kobe alivunja balbu sita asubuhi ile kabla hata ya kunywa chai.

Alizivunja kwa nyundo, moja moja, juu ya meza ya bati nyuma ya kituo. Tatu alizivunja zikiwa baridi. Tatu nyingine aliziunga kwanza kwenye betri, akaziacha ziwake mpaka zikawa za moto, ndipo akazipiga. Kila iliyovunjika huku inawaka ilitoa kimoshi chembamba, na kiuzi chake cha ndani kikabaki na unga mweupe wenye umanjano. Zile zilizovunjwa baridi viuzi vyake vilibaki vinang'aa, safi kama sindano mpya. Alizitia katika bahasha mbili, akaandika juu ya moja “zilikuwa zinawaka” na juu ya nyingine “zilikuwa zimezimwa”.

Koplo alikuwa amesimama mlangoni, tumbo likitangulia, akitazama vipande vya vioo sakafuni.

“Afande, tuna maiti. Tuna gari. Tuna fundi aliyeharibu taa za hilo gari. Sasa kwenye vioo tunatafuta nini?”

“Natafuta kama ni kweli, koplo.”

“Na kama ni kweli?”

“Basi utachukua ufagio, ufagie, na mambo yatakuwa yamekwisha.”

Jina la Kobe alipewa na wenzake chuoni, miaka ishirini na sita iliyopita, kwa sababu alikuwa mwanamke wa mwisho kumaliza kila kitu, hata sahani ya chakula. Hakulichukia. Aliwahi kusema kwamba bado hajaona kobe aliyepata ajali kwa mwendo kasi.

Kesi yenyewe, kwa maneno ya koplo, ilikuwa nyepesi kama karatasi. Juzi, saa moja na nusu, giza likiwa ndiyo kwanza limeshika, gari dogo la abiria, kuukuu, lilimgonga mtu kwenye kona ya chini ya shule. Lilimvunja kifua likamburuta hatua kumi na nne. Daktari aliandika kwamba hakufa papo hapo. Aliishi kama dakika kumi, mbavu zikiwa zimeingia mapafuni, na alikuwa na akili zake. Dereva alikuwa mume wa dada yake. Mtaa mzima ulimwita Mpole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mpole alisema taa za mbele zilizimika ghafla, zote mbili, akiwa anaingia kwenye kona. Alimkuta shemeji yake barabarani wakati kioo kilipopasuka.

Siku tatu kabla, taa zile zile zilitengenezwa na fundi umeme wa magari anayeitwa Cheche.

Basi jana asubuhi ndugu wawili wa marehemu walikwenda karakana kwa Cheche, Mpole akiwa mbele yao. Walimtoa meno mawili. Kisha waliulaza mkono wake wa kulia juu ya fuawe wakaupiga kwa nyundo yake mwenyewe, kidole baada ya kidole, vinne, wakiliacha dole gumba. Mpole ndiye aliyeshika nyundo. Petroli ilikuwa imeshamwagwa kichwani mwa Cheche polisi walipofika. Inspekta alisimama kati ya kiberiti na yule mtu, akasema hakuna atakayekufa leo, na kwa siku ile hakuna aliyekufa.

Lakini Cheche alilala mahabusu, na saa sita mchana gari la mahakama lilikuwa linakuja kumchukua. Shtaka lilikuwa limeshaandikwa: kusababisha kifo kwa uzembe. Nje ya geti watu wapatao sitini walikuwa wamekaa chini na mawe yao, na dumu la petroli katikati. Gari la mahakama lilikuwa na nyavu tu madirishani. Kila mtu kituoni, pamoja na Cheche, alijua kwamba akitoka pale kama mshtakiwa hatafika mahakamani.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika kumi.

*

Gari lilikuwa limeegeshwa uani, pua yake ikitazama ukuta wa ghala, kivulini. Bampa ilikuwa imekunjika, na damu ilikuwa imekauka juu yake, nyeusi, ikiwa na nywele. Taa ya kushoto ilikuwa imesagika. Ya kulia ilikuwa nzima. Chuma cha kushikilia boneti kilikuwa kimepotea miaka mingi, kwa hiyo mwenye gari alitumia fimbo ya mti, na hapo ndipo boneti ilipokuwa imesimama sasa, juu ya fimbo.

Cheche aliletwa na koplo. Alitembea kama mtu anayebeba yai kifuani. Lile yai lilikuwa mkono wake, umefungwa matambara hadi kiwiko.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba. Kaa hapo kwenye ndoo. Sitaki uguse kitu. Nataka unijibu tu.”

“Hata nikitaka kugusa, afande.” Alicheka kidogo, pengo likaonekana, kisha maumivu yakaufunga mdomo.

Inspekta alianza pale wanapoanzia mafundi wote, kwenye betri. Kichwa cha waya kilikuwa kimeng'olewa.

“Nani ameng'oa?”

“Mimi, afande,” alisema koplo. “Usiku ule ule. Niliogopa moto.”

“Kwa hiyo tangu ajali hakuna aliyejaribu taa.”

“Za kujaribu zipi? Mwenyewe alisema zimekufa. Na nilipofika hazikuwa zinawaka.”

Aliandika hilo kwenye daftari. Kisha akafungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya taa za mbele ilikuwa imeungua, nyeusi tititi. Koplo alipumua kwa nguvu kama mtu aliyeshinda bao. Inspekta akainama zaidi, akafuata nyaya za upande wa kushoto kwa kidole. Mmoja mnene, uliokuwa ukielekea kwenye taa, ulikuwa umekatika.

“Mambo ni hayo,” alisema koplo. “Fyuzi imeungua, waya umekatika. Fundi gani huyu?”

Cheche alikuwa akitazama ule waya kwa mshangao, bila hofu.

“Mbona umekatwa huo?” alisema.

“Umekatika,” alisema koplo.

“Waya hukatika kwa kuchakaa, mkubwa. Huo umekatwa kwa koleo.”

Inspekta alitoa kioo chake cha kukuzia, akaangalia kwa muda mrefu kiasi kwamba koplo alibadilisha mguu mara tatu. Nyaya zote za upande ule zilikuwa zimerushiwa damu, matone madogo yaliyokauka na vumbi juu yake. Waya uliokatwa nao ulikuwa na damu, lakini juu ya ngozi yake tu. Pale ulipokatwa, shaba ilikuwa nyekundu na safi.

“Koplo, njoo uone. Damu iko wapi?”

Koplo akaona. Alikuna shingo. “Juu ya waya.”

“Na kwenye kidonda cha waya?”

“Hakuna.”

“Basi kipi kilitangulia, damu au koleo?”

Koplo akatoa kitambaa akajifuta jasho.

Inspekta akaing'oa ile fyuzi, akaigeuza kwenye kiganja. Kiuzi cha ndani kilikuwa kizima. Plastiki ndiyo iliyokuwa imeungua, kutoka nje, upande mmoja, na ilinuka kiberiti cha gesi.

“Fyuzi ikiungua kwa umeme huungulia tumboni,” alisema Cheche polepole. “Hiyo imechomwa. Na afande, naomba niseme jambo.”

“Sema.”

“Hiyo fyuzi haina kazi. Wala huo waya. Aliyefanya haya amempiga maiti.”

*

Alieleza bila haraka, na Inspekta hakumharakisha. Kisanduku cha fyuzi cha gari lile kilikuwa kimeyeyuka ndani kwa uzee. Ndiyo maana taa zilikuwa zikififia na kurudi, zikififia na kurudi. Kukitengeneza ilikuwa sawa na kushona kitambaa kilichooza. Kwa hiyo alivuta nyaya mpya, moja kwa moja kutoka kwenye betri, akatia fyuzi mpya na rilei mpya, swichi ndogo ya umeme, chini ya kibao cha betri, na waya mwembamba wa kuipa amri kutoka kwenye swichi. Njia ya zamani aliiacha ilivyo.

“Kwa nini hukuitoa?”

“Nyaya za gari la mtu sizing'oi, afande. Aliyenifundisha alikuwa hang'oi, na mimi sing'oi. Naziziba ncha, naziacha mahali pake, ili fundi atakayekuja baada yangu asome gari lilizaliwa vipi. Fyuzi yake pia nairudisha, nafasi isikae wazi. Wenzangu wananicheka, wanasema natunza makaburi.”

“Na mpya nitazijuaje?”

“Situmii tepu, inayeyuka kwa joto la injini. Nafunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, halafu uzi mweusi, mafundo matatu.”

Inspekta alipenyeza mkono chini ya kibao cha betri. Ulitoka na kidole chenye masizi. Alikuwa amegusa tyubu ya baiskeli. Alihesabu mafundo kwa ukucha. Matatu.

Kisha akaenda kwenye taa iliyosagika, akaokota kwa kibanio shina la balbu lililobaki ndani ya vipande. Alifungua bahasha zake mbili juu ya kiti, akaliweka lile shina katikati, akamwita koplo achague.

Kiuzi kilikuwa kimepakwa unga mweupe wenye umanjano.

Koplo alikiinamia kiti, akalinganisha viuzi. “Ilikuwa inawaka,” alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. “Ilikuwa inawaka ilipompiga.”

“Andika wewe, kwa mwandiko wako. Saa na dakika.”

Saa ilikuwa tano kasorobo.

“Kitu kimoja bado kinanisumbua,” alisema Inspekta. “Ule mkoba wa marehemu tuliookota chini ya gari.”

“Mkoba mtupu, afande. Haukuwa na chochote.”

“Ndiyo. Nani anatoka kwake jioni na mkoba mkubwa usio na kitu?”

*

Mke wa Mpole aliitwa kutoka nje ya geti kwa kisingizio cha kutia sahihi. Aliingia amejitanda mtandio hadi kwenye nyusi, akitembea upande upande, mkono mmoja ukishikilia mbavu. Alipoliona gari alisimama. Inspekta akampa kiti mahali ambapo bampa haikuonekana.

“Pole na msiba, mwanangu. Nani alipeleka gari kwa fundi?”

“Mimi.”

“Fundi alikueleza alichofanya?”

“Alinionyesha. Aliniambia nyaya za zamani hazifanyi kazi tena, nisije nikadanganywa na fundi mwingine.”

“Ukamwambia mumeo?”

“Hakuuliza. Aliniuliza tu kwa nini nimechelewa.”

Inspekta alisubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri. Nje ya geti mtu alikuwa akigonga jiwe juu ya jiwe, kwa mpigo mmoja, bila kuchoka.

“Na kule kuchelewa ndiko kulikoleta hayo mbavuni?”

Mwanamke aliinamisha kichwa. “Hapigi kelele,” alisema. “Watu wanamwita Mpole. Anafunga mlango, anavua saa, anaiweka mezani taratibu. Akishavua saa najua.”

“Kaka yako alijua?”

“Nilimwambia wiki ile. Akasema Jumatano jioni nakuja kukuchukua, usifungashe kitu asije akaona, nitakuja na mkoba wangu mwenyewe.” Aliuvuta mtandio chini zaidi. “Nilikuwa nimekaa dirishani nikimngoja. Nikasikia mshindo.”

Inspekta alifunga daftari. Kutoka kwenye mshindo, ambao mlinzi wa shule alikuwa ameuandika kwenye kitabu chake, hadi simu ya Mpole ya kuomba msaada, palikuwa na dakika kumi na tano. Mpole alisema muda huo alikuwa amempakata shemeji yake akilia. Sasa Inspekta aliuona vizuri: taa zilimwonyesha Mpole shemeji yake na mkoba, akajua anakuja kumchukua nani. Mtu alikuwa chini anakufa, anamwita kwa jina, na mwenzake ameinama juu ya injini. Amezima swichi kwanza asije akarushwa na umeme. Amekata waya. Anachoma fyuzi kwa kiberiti, anasubiri ipoe, anairudisha. Na kwa kuwa swichi ilikuwa imezimwa, hakujua kwamba taa hazikuwa zimepata habari.

“Utaweza kusimama hapa nikimwita?” aliuliza.

Mwanamke alitazama ile fimbo iliyoshikilia boneti. “Nitasimama,” alisema.

*

Mpole aliingia akijifuta macho. Kijana wa miaka thelathini na tano hivi, shati safi, saa mkononi. Alimpa Inspekta heshima zote.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Koplo, rudisha kichwa cha betri. Mpole, nisaidie kumaliza karatasi zangu. Taa zilizimika zote mbili?”

“Zote, kwa mpigo mmoja.”

“Kabla ya kumgonga?”

“Kabla, mama. Ningemwona nisingemgonga. Yule alikuwa ndugu yangu.” Akamwangalia Cheche pale kwenye ndoo. “Mtu kama huyu mnampa kiti.”

“Ni ndoo. Panda, washa swichi.”

“Ya nini? Fyuzi si imeungua?”

Inspekta hakuwa amemwambia mtu yeyote nje ya ua ule habari za fyuzi. Koplo aliinua macho kutoka kwenye betri.

“Washa tu,” alisema Inspekta.

Mpole alipanda, akabonyeza. Kwenye ukuta wa ghala, kivulini, duara la mwanga lilitokea, jeupe, kubwa kama sinia, halitikisiki.

Mpole alizima, akawasha tena. Duara likarudi. Alishuka taratibu.

“Mmempa nafasi ya kutengeneza,” alisema, bado kwa sauti ile ile laini. “Mmemleta hapa, akatengeneza.”

“Kwa vidole gani?” aliuliza Inspekta.

Mpole alitazama yale matambara. Kisha alivua saa yake. Aliiweka juu ya kiti cha dereva, taratibu. Mkewe alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeungua, na Inspekta akaelewa, nusu pumzi kabla ya pigo.

“Koplo,” alisema.

Spana ya magurudumu ilikuwa chini ya kiti cha dereva, na Mpole hakuhitaji kuitafuta. Pigo la kwanza lilimpata koplo begani. Mfupa ulilia na koplo akaanguka magotini. Pigo la pili lilikuwa la kichwa cha Cheche. Inspekta alimvuta Cheche kwa kola, wakaanguka wote wawili, na spana ikapasua ile ndoo. Cheche aliangukia mkono wake. Mlio alioutoa ulisikika hadi nje ya geti, na yale mawe yakaacha kugongwa.

Mpole hakupiga tena. Alikuwa ameliona duara ukutani, bado linawaka. Alitupa spana, akaingiza mkono wote ndani ya injini, akipapasa chini ya betri, akitafuta kile alichopaswa kukikata juzi.

Mkewe alikuwa amesimama pembeni. Aliipiga fimbo teke.

Boneti ilishuka kwa uzito wake wote. Mkono ulivunjika mahali pawili, na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti akasikika mtaa mzima.

*

Geti lilifunguka kwa nguvu za mabega. Ndugu wawili wa marehemu waliingia kwanza, na nyuma yao mama yao, na nyuma yake mawe. Walimkuta Cheche amelala chini, koplo amekaa ameshika bega, shemeji yao ananing'inia kwenye gari kwa mkono wake mwenyewe.

“Taa hazikuzimika,” alisema Inspekta. Alikuwa amesimama na vumbi usoni, bila kofia. “Zilikuwa zinawaka alipomgonga. Alimwona. Baada ya hapo ndipo alipokata waya, ndugu yenu akiwa hai, miguuni pake.”

Mama mtu mzima hakumtazama Inspekta. Alimtazama binti yake. “Ni kweli, mwanangu?”

Binti aliteremsha mtandio. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, na rangi zilikuwa zimeshuka hadi shingoni, zambarau juu ya manjano, za wiki hii juu ya za wiki iliyopita.

Kaka mkubwa aligeuka. Aliokota ile spana chini akaenda kwenye gari, na dumu la petroli likapokezanwa juu ya vichwa vya watu likimfuata. Inspekta alifika kabla yake, kwa mara moja maishani bila kuchelewa, akasimama kati yake na Mpole.

“Jana nilisimama hivi kwa ajili ya yule,” alisema, akimwonyesha Cheche. “Mlikuwa na hakika. Mlikuwa na hakika hivi hivi.”

Spana ilikuwa juu. Macho ya kaka mkubwa yalikwenda kwa Cheche, kwenye matambara yaliyoanza kulowa damu upya, yakabaki pale. Kidole baada ya kidole. Yeye ndiye aliyemshikilia mabega.

“Weka chini,” alisema mama yake. “Tumeshavunja vya kutosha.”

Aliweka chini. Koplo, kwa mkono wake mmoja mzima, alitoa pingu. Aliinua boneti kidogo, akautoa ule mkono, akaufunga mwingine kwenye nguzo ya ghala. Kisha akaenda kwa Cheche, akajikunja kwa shida, akamsaidia kukaa. Hati ya mashtaka ilikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi. Aliitoa, akaikunja mara nne, akamwekea Cheche chini ya mkono uliovunjika ili usigusane na saruji.

Gari la mahakama lilipiga honi barabarani. Saa sita kamili.

Kaka mkubwa alikuwa amepiga magoti mbele ya Cheche. Cheche hakumtazama. Alikuwa akitazama juu ya bega lake, kwenye ukuta, ambako duara la mwanga lilikuwa bado linawaka, likianza kuwa na rangi ya chai.

“Afande,” alisema, “mtu azime hiyo taa. Betri ile ni nzee.”